Mama Hajanuna

Tezo, Kilifi
Alhamisi, 21 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Kitsao,

Marahaba. Najua hujanisalimu bado, lakini nimeanza kuitikia mapema kwa sababu shikamoo zako siku hizi hazifiki. Ujumbe wako wa mwisho ulikuwa na maneno mawili tu, "Niko salama," nikajiuliza kama naandikiana na ndugu yangu au na askari wa zamu.

Hujambo lakini? Afya yako iko vipi? Mwenda anatuambia Doha mwezi huu hata kuta zinatoka jasho, nami nimemkataza asituongezee hofu. Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua ulipokuwa jikoni kule Watamu umepoa? Unakaa chini ukala kama mtu, au bado unaonja onja vya wageni ukiwa umesimama na mwiko? Nijibu hayo kwanza kabla hujajibu mengine.

Sisi hatujambo kwa rehema za Mungu. Mahindi tumeyavuna, si mengi ila hayakutuaibisha. Ndugu yetu Damaris bado yuko Bofa, hoteli imempandisha sasa anasimamia wenzake wa usafi, na anatembea kama aliyejenga ile hoteli. Mwanangu Cynthia yuko mwaka wa tatu chuoni, na amenunua miwani ambayo hakuna daktari aliyemwandikia.

Barua hii nimempa Mwenda akuletee mkononi kwa kuwa likizo yake imekwisha na Jumamosi anarudi huko kazini kwenu. Ningeweza kukupigia simu, lakini tangu uzaliwe hujawahi kuniacha nimalize sentensi, na hili ninalotaka kusema ni refu. Tafadhali lisome mpaka mwisho ukiwa umekaa.

Mama hajakununia, Kitsao.

Najua ulivyofikiri kwa sababu hata mimi nilifikiri hivyo hivyo. Tumelelewa na mtu ambaye akifurahi anasema, akichoka anasema, akiomba anasema, na akikasirika ndipo ananyamaza. Unakumbuka ulipompoteza yule beberu wa marehemu baba? Siku nne hakukuambia neno, mpaka ukahamia kwa mjomba Dena na mkeka wako. Kwa hiyo nyumba ilipoanza kuwa kimya mwezi wa tatu, kila mmoja wetu akajitafutia kosa lake.

Mimi nilikumbuka zile sufuria zake kuukuu nilizozigawa bila kumuuliza. Nikazunguka nyumba kwa nyumba kuziomba zirudi, na nyingine zilikuwa jikoni zinachemka. Damaris naye akaja kutoka Bofa na leso mbili mpya, akapiga magoti, akaungama kwamba yeye ndiye aliyevunja chupa ya chai ya baba, mwaka ule tuliomsingizia paka. Mama alimtazama tu. Leso alizipokea. Nilicheka baadaye, lakini siku ile hakuna aliyecheka.

Na wewe huko ulijua kosa lako bila kuambiwa. Uliondoka bila radhi yake. Mama alikuwa Kaloleni kwenye matanga ya dada yake, akakuambia umngoje hadi Alhamisi arudi akushike mkono, anywe funda la maji akupulizie kifuani na kukutamkia maneno, kama alivyotamkiwa yeye alipotoka kwao. Wale ajenti wa kazi wakaiharakisha safari yako, ukapanda ndege Jumatano. Hakukulaumu hata siku moja, nakuapia. Mliendelea kuzungumza vizuri tu, akasema radhi utaikuta ukirudi likizo. Kisha akaacha kupokea simu zako, nawe ukaunganisha mambo mawili ambayo hayakuwa na uhusiano.

Ukweli ni kwamba sauti yake ilikuwa inakufa, naye hakutaka tujue.

Ilianza na mafua ya kawaida mwezi wa pili. Mafua yakaenda zake, sauti ikabaki inakwaruza. Akatafuna tangawizi, akasukutua maji ya chumvi, akanywa ndimu na asali, akala pipi za mnanaa mpaka nyumba nzima ikanukia kama duka la dawa. Asubuhi alikuwa na sauti kidogo, jioni hana. Sisi tukaona ni umri, miaka sabini na mbili si mchezo, nasi tukaacha mambo yaende. Hilo najilaumu mpaka leo.

Siku iliyomvunja moyo ni siku Jedida wa kanisani alipompigia. Mama akapokea, akasema "Halo," na Jedida kwa heshima zake zote akajibu, "Shikamoo mzee, naomba kuzungumza na mama Kadii." Mama akaiweka simu chini polepole. Tangu hapo hakupokea simu ya mtu yeyote, yako na ya wengine. Jedida mpaka sasa anajiuliza yule mzee alikuwa nani, na usije ukamwambia.

Nawe unajua sauti ile ilikuwa nini kwake. Miaka ishirini na minane alikuwa karani wa kadi pale zahanati, na kazi yake kubwa ilikuwa kuita majina. Hapakuwa na kipaza sauti. Alisimama kwenye kibaraza na kadi mkononi, akaita mpaka walioko kule kisimani wakasikia. Aliita jina la mtu na la babake, na hakulikosea liwe la Mgiriama, la Mluo, la Mkamba au la Msomali aliyepita njia. Mwenye maradhi ya kuficha aliitwa kwa sauti ile ile ya mwenye mtoto wa chanjo, kwa hiyo hakuna aliyejua nani anaumwa nini. Na hakumruka mtu kabla hajamwita mara tatu na kwenda mwenyewe hadi langoni kumwangalia. Nilipokuwa mdogo nilikuwa naona haya, nikitamani mama yangu asiwe na sauti ya kufika barabarani. Leo ningeomba nirudishiwe asubuhi moja tu ya zile.

Nilivyogundua ni hivi. Mwezi wa tano, Jumamosi, nilikuwa nyuma ya nyumba naanika nguo. Mbuzi walikuwa wameingia kwenye mihogo, na Cynthia alikuwa hapo uani karibu nao, amewapa mgongo akitazama simu yake. Nikamwona mama mlangoni amefungua kinywa anamwita. Mishipa ya shingo ilimtoka, mkono ameushika kifuani, na kilichotoka kilikuwa pumzi tupu. Akajaribu tena. Kisha akaokota fimbo, akaenda mwenyewe kuwafukuza wale mbuzi, akapita karibu na Cynthia bila kumtazama. Mimi nikakaa chini kwenye beseni la nguo mbichi nikalia.

Jumatatu nilimpeleka. Daktari wa kituo cha afya alimsikiliza dakika moja, akasema mtu mzima sauti ikimkwaruza kupita wiki tatu haingojwi ipone yenyewe, lazima aonwe na daktari wa koo aangaliwe ndani. Sisi tulikuwa tumengoja zaidi ya miezi mitatu.

Sasa sikiliza kilichotokea kliniki ya koo, maana hapa ndipo nilipomjua mama upya. Nilimwacha kwenye benchi nikaenda kutafuta maji ya kunywa na nakala ya kitambulisho chake. Niliporudi baada ya saa nzima nilimkuta palepale, na watu waliokuja nyuma yetu wamekwisha kuhudumiwa. Karani wao, msichana mmoja mpole aitwaye Ndinda, alikuwa anaita majina akiwa ameinamia daftari lake, anasikiliza kuitikiwa. Alikuwa amemwita Kadii Mwambire. Mama aliinua mkono, akajaribu kuitika, hakuna kilichotoka, na kabla hajanyanyuka vizuri jina la mwingine likaitwa. Mwisho wa orodha akaitwa tena, yakawa yale yale. Mama yetu, aliyekuwa anamfuata mgonjwa hadi langoni, alirukwa mara mbili kwa sababu hakuweza kusema "nipo".

Nilipandisha mori, unanijua. Nilikuwa nimeshafungua mdomo wakati mama aliponishika kiwiko. Akaomba kalamu, akaandika nyuma ya bahasha, akaenda mwenyewe kumpa yule msichana. Niliichungulia. Alikuwa ameandika: "Mwanangu, unaita vizuri na majina unayataja sawasawa. Lakini wote hapa tunaumwa koo, hatuwezi kuitika. Ukimwita mtu, inua macho."

Ndinda aliisoma, akatazama lile benchi lote la watu waliokaa kimya, akashika mdomo. Aliomba radhi kama mtoto wake wa kumzaa. Na tuliporudi wiki iliyofuata alikuwa anaita amesimama, daftari ameliacha mezani, macho yako kwa watu, nao wanainua mikono. Kuna mzee mmoja pale, Ochola, alikuwa mwalimu wa gwaride na sasa anakwaruza kama redio mbovu. Akamnong'oneza mama kwamba yeye alikuwa amerukwa siku mbili mfululizo akarudi nyumbani bila kumwambia mtu. Nilimtazama mama nikaona aibu kwa yale niliyotaka kumwambia Ndinda.

Daktari alipitisha kamera nyembamba puani mpaka kooni, nikaonyeshwa kwenye kioo. Kuna nyuzi mbili mle ndani ambazo hukutana mtu anaposema. Za mama zimekonda kwa uzee, hazikutani vizuri katikati, pumzi inapita bure, ndiyo maana anachoka upesi. Hilo halikunitisha. Kilichonitisha ni kivimbe kidogo kwenye uzi mmoja. Daktari akasema kitolewe na kipimwe, na hakuweza kutuahidi lolote, si kuhusu kivimbe wala kuhusu sauti. Neno kansa hakulitaja, lakini sote watatu tulilisikia.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike, nalo nakuomba ulipokee taratibu. Siku moja kabla ya kutolewa kile kivimbe, mwezi wa saba, mama alimwomba Cynthia simu yake yenye intaneti, akaingia chumbani akafunga mlango. Alikupigia wewe. Aliogopa sauti kidogo iliyobaki ingeishia kwenye meza ya upasuaji, akataka kabla ya hapo akutamkie radhi yako, hata bila maji, hata bila kukushika mkono.

Ulipokea. Ukasema halo, halo, Cynthia, mbona sikusikii. Ukakata. Akapiga tena, ukasema mtandao huu ni bure kabisa, ukakata. Mara ya tatu ukasema, "Wewe unayepumua, tafuta kazi," ukakata. Kesho yake ukaniandikia kwamba kuna mtu ameiteka simu ya Cynthia, abadilishe nambari zake za siri. Nami mjinga nikamwambia Cynthia abadilishe.

Usijitese, Kitsao. Mama mwenyewe alinieleza haya wiki iliyofuata kwa kuyaandika kwenye daftari, kwa kuwa alikuwa amekatazwa kutoa sauti yoyote kwa siku saba, na kila alipofika kwenye lile la "tafuta kazi" mabega yalimtikisika kwa kicheko ambacho hakuruhusiwa kukicheka. Aliandika kwamba hiyo ni kazi nzuri umemshauri, ila kwa umri wake nani atamwajiri. Lakini kabla ya kucheka alikuwa amelia, na hilo hakuliandika. Niliuona mto.

Majibu yalichukua wiki mbili. Nitakuficha nini, wiki zile sikula wala kulala. Yeye alikuwa anachambua mchele, anapiga kijiko kwenye kikombe akitaka kitu, mara moja kwa Cynthia na mara mbili kwangu, na mbuzi nao wakajua mlio wao. Majibu yakaja: si kansa. Daktari alisema hivyo mara mbili kwa sababu mimi sikusikia mara ya kwanza. Mama akainua mikono yote miwili juu, akaishusha, akaniashiria tuondoke tuwapishe wengine.

Sasa kila Alhamisi tunaenda mjini kwa mtaalamu wa sauti, na leo ndiko tulikotoka. Kumbe hata kunong'ona ni kosa, kunachosha koo, nasi ndiko tulikokuwa tunamhimiza. Pipi za mnanaa zimepigwa marufuku, kujikohoza kumepigwa marufuku, na kulala mara tu baada ya kula pia. Anakunywa maji siku nzima. Zoezi kubwa ni kutia mrija ndani ya bilauri ya maji na kuvuma huku anapuliza, mapovu yanachemka. Wajukuu wa jirani wanakuja kutazama. Anafanya mara tano kwa siku, hajakosa hata moja, hata siku ya mazishi ya jirani alibeba bilauri yake kwenye kikapu.

Baada ya mrija anatakiwa kutamka maneno anayoyapenda. Mzee Ochola anatamka amri za gwaride. Mama alichagua majina ya wagonjwa wake. Anakaa kwenye kiti, anavuta pumzi, anaita mtu mmoja aliyekuja zahanati miaka thelathini iliyopita, kwa jina lake na la babake, kisha ananiuliza kwa mkono sauti imefika wapi. Wiki ya kwanza ilifika mezani. Baadaye ikafika mlangoni. Juzi Jumanne ilifika kwenye kibaraza, nami nilikuwa nimesimama hapo na ufagio, nikaitikia "nipo" kwa niaba ya mtu ambaye sikumjua.

Si ile sauti ya zamani, nisikudanganye. Ni nyembamba, inakwaruza pembeni, na baada ya maneno kumi na mawili au kumi na tano inakatika mpaka apumzike. Mtaalamu amesema wazi huenda isipite hapo. Mama aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa kibarua kipya na anataka kuanza mara moja. Mimi nina miaka hamsini na sauti ya kusumbua mtaa mzima, na sijui kama ningekuwa na hata nusu ya moyo wake. Nampenda sana, Kitsao, na siku hizi namwambia.

Nimegundua jambo moja. Ameita majina ya watu zaidi ya mia, langu, la Damaris, la Cynthia, hata la yule daktari. Lako hajaliita. Leo tukirudi nikamuuliza kama kuna kitu moyoni baada ya yote. Akanywa maji kwanza, akajipanga, akaniambia kwa sauti yake hiyo mpya:

"Hilo si la mazoezi."

Nilipomwambia angeweza kukuandikia tu radhi hiyo kwa ujumbe, Cynthia angemsaidia, alinitazama kama nilivyostahili kutazamwa.

Kwa hiyo mambo ni haya. Ijumaa ijayo, tarehe 29, ambayo najua ndiyo siku yako ya mapumziko, saa kumi alasiri atakupigia. Saa zenu na zetu ni moja, huna kisingizio. Hatasema na mtu tangu asubuhi, anakuwekea wewe maneno yote ya siku hiyo. Tafuta mahali pa utulivu, mbali na wenzako na mabakuli yao. Weka bilauri ya maji karibu. Akimaliza kusema utachovya mkono ujipake kifuani mwenyewe, ndivyo alivyoamua, na akiamua mama nani wa kubishana.

Damaris anakusalimu, anauliza kama huko kuna leso za bei ya kuungama. Mjomba Dena anakusalimu, mkeka wako anao bado. Cynthia anasema shikamoo mjomba, na kwamba simu yake haijawahi kutekwa na mtu. Wasalimie nawe wenzako wote, na Mwenda umlishe vizuri siku akifika, amebeba barua nzito. Mungu akulinde na jua la huko na moto wa jikoni, akurudishe kwetu mzima ulivyoondoka.

Simu ikilia siku hiyo, pokea, kisha unyamaze. Usiseme halo, halo. Usilaumu mtandao. Utasikia pumzi kwanza, nayo inaweza kuwa ndefu kwa sababu anaikusanya. Ngoja. Huyo ni mama, anakuita.

Ni mimi dadako, nikupendaye hata unaponijibu kwa maneno mawili,

Pola